Kutoka pikipiki za motokrosi mpaka gari la rali hapa Uganda: mwongozo kamili

Siku yangu ya kwanza ndani ya gari la mashindano, ilikuwa autokrosi (mbio za gari za kuzunguka uwanja wa vumbi) pale Busiika, nilimaliza raundi zangu nikijiona mkali sana, kumbe fundi wangu amekaa chini kwenye nyasi anacheka mpaka machozi. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, "Kaka, kila kona unalala upande mmoja, kichwa kwenye dirisha, kama abiria amesinzia kwenye takisi ya Masaka." Na alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimetoka miaka sita ya motokrosi, mwili umezoea kwamba ukitaka kukata kona unaulaza mwili, sasa nimefungwa mkanda kwenye kiti na bado naulaza, na gari wala halina habari na mimi.

Hapo ndipo shida yote ilipo na ndio maana naandika hii kitu kwa wale wa viwanja vya Garuga na Busiika wanaoniuliza kila wiki. Juu ya pikipiki, mwili wako ni nusu ya mashine. Unasogea mbele, unarudi nyuma, unatoa mguu, unasimama, na uzito unaenda unapotaka. Ndani ya gari uzito ni uleule lakini huwezi kuusogeza kwa mwili, unausogeza kwa breki, kwa mafuta na kwa usukani basi. Ukilielewa hilo, mengine ni mazoezi na pesa. (Pesa tutafika.)

Kabla hujaanza, ujue wewe sio wa kwanza

John Surtees, Mwingereza, alichukua mataji 7 ya dunia kwenye pikipiki akiwa na MV Agusta, na mwaka 1960, mwaka uleule anashinda mataji mawili ya pikipiki, akaanza kuendesha Formula 1, na mbio zake za pili tu, Silverstone, akamaliza wa pili. Mwaka 1964 akawa bingwa wa dunia na Ferrari, kwa pointi moja tu mbele ya Graham Hill. Mpaka leo hakuna mwingine mwenye ubingwa wa dunia kwa pikipiki na kwa Formula 1. Sasa usidhani kila mtu ni Surtees. Mike Hailwood alikuwa na mataji 9 ya pikipiki na kwenye Formula 1 hakushinda hata mbio moja, na sio kwamba hakuwa na kipaji.

Lakini kwetu sisi watu wa vumbi wa kuwaangalia zaidi ni wengine. Hubert Auriol, Mfaransa aliyezaliwa Addis Ababa, ndiye wa kwanza kushinda Dakar, ile rali ndefu ya jangwani, kwa pikipiki na kwa gari pia: pikipiki 1981 na 1983, alafu gari 1992. Stéphane Peterhansel kaipiga Dakar mara 6 kwa pikipiki na mara 8 kwa gari. Travis Pastrana wa motokrosi kachukua ubingwa wa Rally America mara nne mfululizo, 2006 mpaka 2009, na Subaru. Na Valentino Rossi, mfalme mzima, rali yake ya kwanza ya dunia Uingereza 2002 aliishia kugonga mapema kabisa, 2006 akaenda New Zealand na Subaru akamaliza wa 11. Rossi huyo! Kwa hiyo ukigonga kichuguu Mukono usione aibu sana. Na hapa nyumbani yupo Arthur Blick Jr, ametamba motokrosi tangu mdogo ndio akaingia rali, kwa hiyo njia ipo na wengine wameshaipita.

Hatua ya kwanza: kaa kiti cha kushoto kabla ya kiti cha kulia

Najua hutaki kusikia hii. Kila mtu wa pikipiki anataka usukani kesho. Mimi nakwambia tafuta dereva wa CRC (Clubman Rally Championship, ngazi ya wanaoanza) au wa gari la magurudumu mawili yanayovuta, mwambie utakuwa navigeta wake, yule wa kumsomea barabara, hata rali mbili tatu. Sababu ni hii. Motokrosi ni mzunguko, unapita kona ileile mara kumi, ukikosea raundi ya pili unarekebisha ya tatu. Rali barabara unaikuta kwa kasi mara moja, mbili ukibahatika, na kinachokwambia nini kipo nyuma ya kilima ni sauti ya mtu aliyekaa kushoto kwako. Mtu wa pikipiki amezoea kuwa peke yake, hasikilizi mtu, na hicho ndicho kinachotuangusha wengi kuliko hata ufundi wa kuendesha.

Ukikaa kushoto utajifunza noti. Siku za reki, yaani kukagua njia kabla ya mashindano, mnapita barabara polepole kwa mwendo uliowekwa, dereva anasema navigeta anaandika: kona namba ngapi, inaenda kushoto au kulia, umbali wa mita mpaka inayofuata, kuna kalvati, kuna mto, usikate ndani. Wengi hutumia namba 1 mpaka 6, 1 ikiwa kona ya kufunga kabisa na 6 ya kupita na mafuta chini, wengine wanageuza, haijalishi, mradi nyie wawili mnaelewana na hambadilishi katikati ya msimu. Lugha pia chagueni moja. Niliwahi kukaa na dereva anayeita noti kwa Kiingereza, akiogopa anahamia Luganda, akikasirika anahamia Kiswahili, ilikuwa kazi.

Zoezi la bure: ukiwa unasafiri kwenda Mbarara au Hoima kwa takisi au basi, kaa karibu na dereva, andika noti za kilomita tano. Siku ya kurudi fumba macho, mtu akusomee, ujaribu kuiona barabara kichwani. Ukiona kilima kabla hakijafika noti zako ni nzuri. Ukipotea baada ya kona mbili rudia. Watakuona mwehu, vumilia.

Hatua ya pili: karatasi

Hii fupi. Rali na motokrosi zote ziko chini ya shirikisho moja, FMU, kwa hiyo mlango unaujua tayari, ila leseni ya gari ni tofauti na ile ya pikipiki na lazima uwe na permiti halali ya kuendesha gari (usicheke, nimeona vijana mabingwa wa motokrosi wa miaka 19 hawana). Ingia klabu, uliza kanuni za mwaka huu kwa maandishi, zisome mwenyewe, usitegemee za kuambiwa chini ya mwembe.

Hatua ya tatu: gari, na usinunue Subaru

Najua. Kila mtu anataka Subaru au Evo ya Mitsubishi, ile sauti ya turbo inapita kijijini watoto wanakimbia. Lakini fikiria ulivyoanza pikipiki, kuna mtu alikupa pikipiki kubwa ya cc 450 siku ya kwanza? Ulianza na ndogo, ukajifunza kutunza mwendo kwenye kona kwa sababu injini haina nguvu ya kukuokoa. Toyota Starlet au Corolla ya kuvuta mbele ni kitu hichohicho. Haina nguvu, kwa hiyo kila kosa unaliona kwenye saa. Gari la magurudumu manne yanayovuta na turbo linaficha makosa yako mpaka siku linapokataa kuyaficha, na siku hiyo uko kwenye spidi ambayo hukutakiwa uwe nayo.

Na spea. Starlet utapata vitu soko la Kisekka, Kampala, bila kulala njaa. Gia boksi ya Evo ikifa umekwisha.

Keji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayokulinda likipinduka, ndio mahali pa kutofanya ujanja hata kidogo. Mimi gari langu la kwanza nilinunua tayari lina keji, limepakwa rangi safi, nikafurahi. Mzee mmoja wa zamani wa rali akaja kuliangalia, hakusema kitu, akatoa vernia, kile kipimo cha unene, mfukoni, akapima bomba, akachukua drili ndogo akatoboa tundu sehemu moja akachungulia na tochi. Akaniita. Ndani ya bomba kulikuwa na mstari umepanda kutoka chini mpaka juu, mshono, na nje chini ya rangi kulikuwa na zinki. Lilikuwa bomba la maji. Nilikuwa nimeshaendesha autokrosi mbili ndani ya bomba la maji. Aliyelichomelea simtaji, alishalipwa na akahama.

Sasa wewe pima. Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, zinataka chuma kisicho na mshono, na nguzo kuu nyuma ya viti iwe kipenyo cha milimita 45 na unene 2.5, au 50 kwa 2.0, zile zingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Angalia pia pale mguu wa keji unapokutana na sakafu, lazima kuwe na bamba limechomelewa kwenye bodi, maana bila bamba keji inatoboa sakafu gari likipinduka. Katwe wapo wachomeleaji wazuri mno, ila mpelekee bomba sahihi mwenyewe na usimame hapo.

Hatua ya nne: nguo za pikipiki zibaki nyumbani

Helmeti ya motokrosi haifai kwenye gari. Ile imetengenezwa kwa kuanguka chini mara moja, ya gari imetengenezwa kwa kugongagonga keji na ndani ina kitambaa kisichoshika moto haraka, kwenye viwango vya Snell ni herufi SA kwa gari na M kwa pikipiki, angalia stika ndani. Lazima pia ikubali HANS, ile kola inayoshika kichwa kisiruke mbele gari likisimama ghafla, na usitoboe helmeti yako mwenyewe kuweka vifungo, umeiua.

Jezi ya motokrosi ni poliesta, ikishika moto inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Ovaroli ya FIA, soksi, nguo za ndani, glavu, vyote vya moto. Na viatu vyembamba, nitaeleza kwa nini. Mkanda uwe wa pointi sita na uangalie tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye lebo, mkanda wa mtumba uliokaa juani miaka ni kamba tu. Unafunga kwanza wa kiunoni, chini kabisa kwenye mifupa ya nyonga, unaukaza mpaka uone unakuonea, ndio unakuja wa mabega.

Ukaaji wenyewe: sisi tunapenda kukaa mbele tumeinamia kama tuko juu ya tangi. Acha. Mabega yagusane na kiti, mkono ukinyooka kifundo cha mkono, pale pa saa, kifike juu ya usukani, na ukikanyaga klachi mpaka mwisho goti libaki limekunjika kidogo. Makalio ndio masikio yako sasa, gari linaongea kupitia hapo, ukikaa umelegea hulisikii.

Hatua ya tano: fundisha miguu

Kwenye pikipiki klachi ni mkono wa kushoto, gia ni mguu wa kushoto, breki ya mbele na mafuta mkono wa kulia. Kile kifundo cha mkono wa kulia kina akili ya ajabu, unaweza kuongeza mafuta kwa unywele. Alafu unaingia kwenye gari na kazi yote hiyo unaipa mguu uliovaa buti. Ndio maana viatu vyembamba. Na mguu wa kushoto ndio mbaya zaidi, umezoea kupiga gia, tap! kwa hiyo siku ya kwanza ukiuweka kwenye breki gari linasimama kama limegonga ukuta.

Tafuta uwanja mtupu, ardhi ya marramu. Siku nzima fanya hivi: mguu wa kulia umeshika mafuta kwa utulivu, wa kushoto unagusa breki taratibu mpaka uone pua inashuka kidogo, unaachia. Unagusa, unaachia. Hakuna kona, hakuna spidi, gia ya pili tu. Inachosha na hakuna mtu wa kukupiga picha. Lakini ile pua inayoshuka ndio wewe unasogea mbele kwenye kiti cha pikipiki! Ukishaihisi hivyo umefika nusu ya safari.

Alafu ongeza kona. Gari la kuvuta mbele, unaingia, unagusa breki, uzito unaenda mbele, matairi ya mbele yanang'ata, mkia unakuwa mwepesi unaanza kuzunguka. Hapo mtu wa kawaida anaogopa, anaachia mafuta, mkia unazidi, anapinduka. Wewe wa motokrosi una zawadi: mwili wako umeshajua kwamba mkia ukiteleza hufungi mafuta. Shikilia mafuta, elekeza usukani unakotaka kwenda, mbele inakuvuta inakunyoosha. Hii tu inakupa faida ya msimu mzima juu ya wenzako walioanza na gari.

Na mbele ikikataa, unakata usukani na gari linaenda moja kwa moja, usizidishe kukata. Kwenye pikipiki gurudumu la mbele likiteleza unalegeza mikono, fanya hivyohivyo. Rudisha usukani kidogo, punguza mafuta, subiri ing'ate.

Hatua ya sita: upana

Hili lilinigharimu bampa mbili na rimu. Pikipiki ina mstari mmoja, unaona jiwe unapita pembeni sentimita kumi umeshalisahau. Gari lina pembe nne, na wewe umekaa kulia, kwa hiyo upande wa kushoto ni nchi ya kigeni. Ukikata kona ya kushoto kama ulivyozoea, macho yako yanapita sawa na gurudumu la nyuma la kushoto linapanda kichuguu kilichofichwa na nyasi.

Chukua chupa za plastiki za maji, zitandaze uwanjani, pita ukizikanyaga kwa gurudumu la mbele la kushoto tu. Ukisikia pah umepata. Ukiweza kumi kwa kumi zifuate kwa gurudumu la nyuma la kushoto, ambalo halipiti njia ya la mbele. Fanya jioni baada ya kazi hata na gari la kawaida.

Macho pia. Umezoea kugeuza kichwa chote kuangalia mwisho wa kona, sasa HANS na masikio ya kiti vinakuzuia na nguzo ya kioo inaficha kona yenyewe. Zungusha macho, sogeza kidevu kidogo, na pale usipoona ndio kazi ya noti.

Hatua ya saba: kuruka

Hii naiweka peke yake kwa sababu kila mtu wa motokrosi anadhani kuruka anajua. Hewani na pikipiki una usukani wa siri, ukigusa breki ya nyuma pua inashuka, ukifungua mafuta inapanda. Gari hakuna cha maana cha kufanya ukishaondoka ardhini, pua ina injini, ni nzito, inataka kushuka. Mimi nilifika kwenye kilima nikaogopa nikakanyaga breki palepale ukingoni, saspensheni ya mbele ikabonyea, gari likaondoka limeshainama, likatua na pua. Rejeta ilipasuka, bonde lote likajaa moshi wa maji, na wanakijiji wakashangilia.

Funga breki mapema, mita nyingi kabla ya kilima, achia, alafu pita ukingo ukiwa na mafuta kidogo na usukani umenyooka. Hewani punguza mafuta ili magurudumu yasizunguke ovyo, ukitua na nguvu yote unavunja shafti. Ni hivyo tu, haina mbwembwe.

Hatua ya nane: jifunze kuanguka upya

Motokrosi inakufundisha kuachia. Pikipiki inaenda kule wewe unaenda huku, unabingirika. Kwenye gari usalama uko ndani, kwa hiyo ile silka ya kutoa mkono nje au kusukuma paa lazima uiue. Gari likianza kupinduka, vidole gumba vitoke ndani ya usukani, mikono ivuke kifuani ishike mikanda, kidevu chini, subiri lisimame kabisa. Likisimama limelala juu chini usifungue mkanda kabla hujaweka miguu na mkono mmoja juu ya paa, utaangukia shingo, na watu wameumia hivyo wakati ajali yenyewe haikuwafanya kitu.

Mkitoka, triangal iwekwe angalau mita 50 nyuma ya gari, na ubao: kijani wa OK muwaonyeshe angalau magari matatu yanayofuata, mwekundu wa SOS kama kuna mtu anahitaji daktari. Fanyeni mazoezi ya kutoka na navigeta gereji, macho yamefungwa, mpaka mkono unajua kizima moto kiko wapi.

Pesa, kama nilivyoahidi

Motokrosi ulikuwa na pikapu, fundi mmoja na jeriken. Rali utabeba matairi, jeki, gari la servisi, watu wanne wanaokula na kulala Mbarara siku mbili tatu, na mafuta ya magari yote. Gari lenyewe ndilo linalokula kidogo kuliko yote. Panga msimu kwa rali chache unazoweza kumaliza, na zilizobaki cheza autokrosi, ni nyumbani, unalala kitandani kwako.

Rali ya kwanza lengo ni kumaliza. Steji ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha barabara kinachopimwa saa, nenda kwa spidi unayoiona ni ya aibu. Navigeta akiita kona usibishane naye, hata ukiona amekosea punguza kwanza, mtabishana servisi.

Na pikipiki usiuze. Mimi niliuza ya kwanza nikanunua tena baada ya miezi minane, nikalipa zaidi ya nilivyouzia. Pumzi na mikono ya motokrosi huipati jimu yoyote, mwishoni mwa steji ndefu ndani ya ovaroli kwenye jua la saa saba wenzako wamelegea wewe bado uko. Hailwood alikaa miaka 11 bila kugusa TT ya Isle of Man, zile mbio za pikipiki, kaenda Formula 1, kaumia vibaya Nürburgring 1974, alafu 1978 akarudi na Ducati akashinda. Yangu iko nyuma ya nyumba imefunikwa turubai, Jumamosi ijayo niko Garuga nayo, kama kuna mtu ana cheni ya akiba aje nayo.